Akiangukia Nje, Mvute Ndani

Tulikuwa tumekusanyika kwa jirani aliyevunjiwa usiku. Kitasa kilikuwa kinaning'inia kwa skrubu moja. Fremu ya mlango ilikuwa imechanika upande wa komeo, na vijiti vya mbao vilikuwa bado chini kizingitini, hakuna aliyepata moyo wa kuvifagia. Hakuna aliyeumizwa. Wezi walichukua walichochukua, wakatoweka kabla wenye nyumba hawajajua kama wanaota au wanasikia kweli.

Mzee mmoja ninayemheshimu, mtu asiyesema ovyo, aliusukuma ule mlango mara mbili, akautazama, kisha akamwambia baba mwenye nyumba, "Siku nyingine, mmalize. Na akiangukia nje, mvute ndani."

Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Mama mwenye nyumba akauliza taratibu, "Na kama ameshageuka, anakimbia?"

"Basi mpige kabla hajavuka mlango," mzee akajibu.

Mazungumzo yakahamia kwenye makomeo na taa za nje. Mimi sikuweza kuhama nayo. Wiki zimepita, na maneno yale bado yananirudia, hasa usiku nikisikia bati linalia au paka anaruka.

Niseme mapema ninaposimama. Naamini mtu ana haki ya kuua pale ambapo hana njia nyingine ya kuokoa maisha yake au ya watu wake. Hapo silegezi. Kinachonisumbua ni yale maneno ya pili ya mzee. Anayekwambia umvute ndani anajua tayari kwamba haki hiyo ina mahali inapoishia. Anajua, ila anadhani inaishia kizingitini.

Usiku na mchana

Swali hili ni la kale. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinasema mwizi akikutwa anavunja nyumba, akapigwa hata akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Wengi wanaishia hapo. Mstari unaofuata unasema jua likiwa limeshamchomozea, hatia ipo.

Warumi nao, katika Mbao Kumi na Mbili, sheria zao za kwanza kuandikwa, yapata mwaka 450 kabla ya Kristo, waliweka mpaka huo huo. Mwizi wa usiku aliyeuawa ameuawa kihalali. Wa mchana haruhusiwi kuuawa, isipokuwa amejitetea kwa silaha.

Nyumba ni ile ile. Mali ni ile ile, na mwizi ni yule yule. Kilichobadilika ni mwanga tu.

Nilikaa na jambo hili muda mrefu. Kama haki ya kuua ingetokana na umiliki wa nyumba, saa ingehusu nini? Mchana nyumba haikomi kuwa yako. Ninavyoelewa mimi, usiku mwenye nyumba haoni mikono ya aliyeingia. Hajui kama ameshika kisu au redio. Hajui kama wako wawili au sita, kama wamefuata runinga au wamemfuata binti yake. Na akipiga kelele, majirani wamelala. Mchana anaona, na anaweza kuita watu wakaja.

Kwa hiyo hata watu wale wa kale, ambao hatuwezi kuwaita walegevu kwa wezi, hawakumruhusu mwenye nyumba aue kwa kuwa ukuta ni wake. Walimsamehe kwa kuwa hakuweza kujua.

Ngome

Kuna msemo wa kisheria kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake. Umetokana na kesi ya Semayne, London, mwaka 1604, na hutajwa sana na watu wanaotaka kusema kwamba ndani ya kuta zangu nafanya nitakalo. Kesi yenyewe ilihusu deni, na afisa wa serikali aliyefungiwa mlango. Ni kweli ilisemwa humo kwamba anayeua majambazi waliokuja kumwibia au kumuua nyumbani mwake hana kosa. Lakini hukumu hiyo hiyo ilieleza kwamba katika mambo ya mfalme, afisa akishabisha hodi na kusema kilichomleta bila kufunguliwa, anaweza kuuvunja mlango. Ngome yenyewe haikuwa bila mipaka tangu siku ya kwanza.

Sheria za leo zinatofautiana nchi kwa nchi, lakini nyingi zinarudi kwenye maswali yale yale. Uliamini nini wakati ule? Palikuwa na haja ya kutumia nguvu? Na nguvu uliyotumia ililingana na hatari uliyoiona?

Wasiopenda maswali haya husema mahakama zinamtaka mtu aliyeamshwa na kishindo saa nane usiku awe na utulivu wa mwanasheria. Si kweli. Mwaka 1971, katika rufaa ya Palmer iliyotoka Jamaika, majaji wa Baraza la Faragha huko London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Jamaika, walikubali kwamba anayejihami hawezi kupima kwa mizani ya dhahabu kiasi hasa cha nguvu anachohitaji. Akiwa amefanya kile ambacho kwa moyo wa kweli alikiona kinahitajika katika dakika ile ya taharuki, hilo peke yake ni ushahidi mzito kwa upande wake.

England ilikwenda mbali zaidi mwaka 2013. Bunge lilibadili sheria ili mwenye nyumba aliyepambana na mvamizi asinyimwe utetezi eti kwa sababu tu nguvu yake ilizidi kidogo. Mlango wa utetezi unafungwa moja kwa moja pale tu nguvu ilipopita kiasi kupindukia. Miaka 3 baadaye Mahakama Kuu ikafafanua kwamba hiyo si hati ya kufanya lolote, na kwamba bado itaulizwa kama alichofanya kilikuwa cha busara kwa hali ilivyokuwa. Florida, tangu 2005, sheria inachukulia kwamba anayemkuta mtu akiingia kwake kwa kuvunja ana sababu ya kuhofia maisha yake. Majimbo mengine mengi ya Marekani yana sheria za namna hiyo.

Iliyonigusa zaidi ni ya Ujerumani. Kifungu cha 33 cha sheria yao ya jinai kinasema anayevuka mipaka ya kujihami kwa sababu ya kuchanganyikiwa, woga au kitisho haadhibiwi.

Hasira haimo.

Nilisoma kifungu hicho nikamkumbuka mzee wetu. Sauti yake pale mlangoni haikuwa ya woga.

Aliyekaa akisubiri

Novemba 2012, mji mdogo wa Little Falls, jimbo la Minnesota. Byron Smith ni mstaafu wa miaka 64 anayeishi peke yake. Ameshaibiwa nyumbani kwake zaidi ya mara moja, na ana hofu ya kweli, hofu ambayo sitaki mtu yeyote aidharau.

Siku ya sikukuu yao ya Shukrani analiondoa gari lake na kuliegesha mbali, nyumba ionekane haina mtu. Anarudi kwa miguu. Anashuka chumba cha chini, anaketi kwenye kiti. Ana maji, ana vitafunio, ana kitu cha kusoma, ana bunduki na bastola. Amewasha kinasa sauti.

Kijana wa miaka 17 anavunja dirisha na kuingia. Anashuka ngazi. Smith anampiga risasi, anaanguka, anampiga tena. Anamweka juu ya turubai na kumburuta hadi chumba kingine, kisha anarudi kwenye kiti chake. Dakika zinapita. Binti wa miaka 18, binamu wa yule kijana, anashuka ngazi hizo hizo. Naye anapigwa. Bunduki inakwama, Smith anachukua bastola, na mwishoni, binti akiwa ameshalala chini hajiwezi, anamaliza kwa risasi ya kidevuni. Polisi hawakupigiwa simu siku ile. Habari zilitoka kesho yake, kupitia jirani.

Wale vijana walikuwa wamevunja nyumba, hilo halina ubishi. Na hakuna aliyehitaji kuvutwa ndani: wote wawili walikuwa ndani kabisa, chini ya sakafu ya nyumba ya mtu. Kwa hesabu ya mzee wetu, Smith alikuwa salama. Mwaka 2014 jopo la wananchi waliosikiliza kesi lilihitaji kama saa 3 tu kumtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia, na akafungwa maisha bila nafasi ya kuachiwa.

Kesi hiyo ndiyo iliyonigeuza. Kabla yake nilikuwa nautafuta mpaka kwenye ramani ya nyumba: ua, baraza, mlango, korido. Nilikuwa nautafuta mahali pasipo wake. Mpaka umo ndani ya muda. Mtu yule yule, akiwa pale pale alipo, anaweza kuwa hatari ya kifo sasa hivi, na baada ya pumzi tatu akawa majeruhi. Haki ya kumpiga ilizaliwa na hatari yake na inakufa nayo, hata kama miguu yake bado iko juu ya zulia lako.

Ninaweza kubishana na mtu kuhusu risasi ya kwanza ya Smith, ingawa kuondoa gari na kukaa kwa kuvizia kunanipa shida. Kuhusu ya mwisho sina la kubishana.

Na ule ushauri wa kuvuta, nauona sasa kuwa mbaya hata kwa mtu aliyejihami kihalali. Damu ina michirizi. Visigino vinaacha alama. Ganda la risasi linabaki liliporukia. Mtu aliyekuwa na utetezi mzuri, ambaye pengine angerudi kwake jioni ile ile baada ya kuandika maelezo polisi, anaugeuza utetezi wake kuwa uongo kwa mikono yake mwenyewe. Akishakamatwa kwa uongo wa mwili, nani atamwamini akieleza woga wake?

Aliye nyuma ya mlango

Tunapozungumza haya, mtu wa gizani huwa ni mwizi daima. Tumeshamvika uso kabla hatujamwona.

Oktoba 1992, mjini Baton Rouge, Louisiana, kijana wa Kijapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, aliyekuwa Marekani kwa masomo, alikwenda na mwenzake kwenye sherehe wakakosea nyumba. Mama mwenye nyumba alishtuka, akamwita mumewe achukue bunduki. Mume alimwamuru Hattori asimame. Hattori akaendelea kumsogelea akiwa na furaha ya mtu anayejua amealikwa. Risasi moja. Mahakama ya jinai ilimwachia mpigaji mwaka uliofuata. Mahakama ya madai, mwaka 1994, ikamwona anawajibika na ikaamuru wazazi wa mtoto walipwe zaidi ya dola 650,000.

Februari 2013, Pretoria. Mwanariadha Oscar Pistorius alipiga risasi 4 kupitia mlango wa choo uliofungwa. Nyuma yake alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Alijitetea kwamba alidhani ni mvamizi. Watu walibishana kwa miaka kama alisema kweli, lakini Mahakama ya Rufaa ya Afrika Kusini ilipomtia hatiani kwa mauaji, Desemba 2015, haikulihitaji jibu la ubishi huo. Ilisema kwamba yeyote aliyekuwa ndani ya choo kile kidogo, Pistorius lazima aliona kwamba risasi zile zingeweza kumuua, na akapiga. Aliyekuwa nyuma ya mlango hakuwa amemtishia. Mlango ulikuwa umefungwa.

Hukumu hiyo inamlinda Reeva, na inamlinda hata mwizi ambaye hakuwepo. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara sehemu hiyo inanifikirisha upya. Mahakama haikusema, "Kwa bahati mbaya alikuwa mpenzi wako." Ilisema humjui aliye nyuma ya mlango, na kutomjua kwako hakukupi umiliki wa maisha yake.

Unaona jinsi kulivyogeuka? Kwa watu wa kale kutojua kulimsamehe mwenye nyumba. Hapa kutojua kunamfunga mkono. Nilidhani haya mawili yanapingana, mpaka nilipotofautisha anayejiwa na anayejiendea. Mtu anayekuja juu yako gizani hakuachii nafasi ya kuuliza. Mtu aliyejifungia chooni amekuachia nafasi yote: kuita jina, kuwasha taa, kurudi nyuma, kupiga simu.

"Atarudi"

Hoja nzito kuliko zote ni hii, na sitaki kuipita juu juu. Wanasema: sawa, amegeuka, anakimbia. Ukimwacha, kesho atarudi na wenzake. Au atakwenda kwa mjane asiyeweza kumfukuza. Polisi watakuja asubuhi, wataandika, wataondoka. Wewe mwenye huruma umemhamishia hatari jirani yako.

Nimejibishana na hoja hii usiku mwingi. Sina jibu la kuiua. Kuna mahali ambapo msaada hauji kweli, na kumwambia mtu wa huko "waachie wenye mamlaka" ni kumwambia aachie hewa.

Lakini tazama kinachoombwa. Kumpiga anayekimbia kwa sababu ya atakachofanya kesho si kujihami tena. Hiyo ni hukumu, na adhabu yake ni kifo, inayotolewa kwa kosa ambalo bado halijatendwa, na mtu ambaye sekunde iliyopita alikuwa anatetemeka kwa woga na sasa anatetemeka kwa ghadhabu. Kama mwizi huyo angefikishwa mbele ya hakimu, ushahidi wote ukiwa mezani, hakimu asingemnyonga kwa kuvunja kitasa. Mimi nimepata wapi mamlaka makubwa kuliko ya hakimu, nikiwa na taarifa chache kuliko zake?

Mkazi wa Norfolk, Uingereza, Tony Martin, alimpiga risasi ya mgongoni na kumuua mvulana wa miaka 16 aliyevunja nyumba yake ya shamba usiku mmoja wa Agosti 1999. Nusu ya nchi ilimwona shujaa, nusu muuaji. Mahakama ya Rufaa ilipunguza kosa lake kwa sababu za afya ya akili. Utetezi wa kujihami ulikataliwa. Maelfu waliomwunga mkono walikuwa na uchungu wa haki wa kuachwa peke yao na wezi, na ninauheshimu uchungu huo. Ila uchungu wa kijiji kizima hauwezi kuufanya mgongo wa mtoto kuwa tishio.

Ngazi

Katika Uislamu kuna Hadithi inayojulikana sana, kwamba anayeuawa akiitetea mali yake ni shahidi. Hutajwa kama kibali. Lakini kuna nyingine iliyomo katika mkusanyo wa Hadithi wa Nasai, ambamo mtu anamuuliza Mtume afanye nini akijiwa na anayetaka mali yake. Mkumbushe Mwenyezi Mungu. Asipokumbuka? Omba msaada kwa Waislamu walio karibu nawe. Wasipokuwepo? Omba msaada kwa mtawala. Mtawala akiwa mbali? Hapo sasa pigana.

Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, walijenga juu ya mafundisho ya namna hii: neno likitosha, mkono ni haramu, mkono ukitosha, silaha ni haramu. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo wa karne ya 13, alifika karibu na hapo kwa njia yake. Kujihami kwa kadiri ni halali hata mshambuliaji akifa, kwa kuwa mtu anawajibika kuyatunza maisha yake kuliko ya mwingine. Kukizidi kinachohitajika, ni haramu.

Na ngazi inahitaji mtu wa kuipanda. Ndiyo maana bunduki ya mtego imekataliwa. Huko Iowa, mume na mke waliochoshwa na wezi waliifunga bunduki kwenye mlango wa chumba cha nyumba ya shamba ambayo hakuna aliyeishi ndani yake. Mwaka 1967 ilimvunja mguu mtu aliyeingia kutafuta chupa za zamani. Mahakama ya juu ya jimbo hilo ikathibitisha mwaka 1971 kwamba alipwe dola 30,000. Mwizi akalipwa! Watu walikasirika, na hasira yao naielewa. Lakini ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu wa kuokolewa, na bunduki haiwezi kumkumbusha mtu Mungu.

Tulichokubaliana nyumbani

Mimi na mke wangu tulikaa tukapanga. Tumeongeza komeo na taa inayowaka mtu akipita. Mtoto mkubwa akichelewa kurudi anapiga simu kabla ya kugusa mlango, na hakuna anayepita koridoni usiku bila kujitaja. Kishindo kikisikika, tunaita majina yetu kwanza, wote, tuhesabiane. Kisha tunapaza sauti kwamba tuko macho na polisi wameshaitwa. Aliye sebuleni na abebe anachobeba. Hakuna atakayemfuata nje.

Akivuka kwenda chumba cha watoto, nitampiga kwa chochote nilicho nacho, na sitapima kwa mizani.

Mke wangu akaniuliza, "Mpaka lini?"

Nikasema mpaka aanguke.

"Na akishaanguka?"

Nikamwambia nitaacha. Akanitazama, akasema hana hakika kama nitaweza, na kwamba yeye mwenyewe hana hakika kama ataweza, kwa watoto wake. Kwa hiyo tuwafundishe wale wakubwa namba mbili za simu, ya polisi na ya gari la wagonjwa, na wazipige zote mbili bila kutusubiri tuwaambie.